Rowland Hill: Mwalimu Aliyeifungua Posta kwa Watu Wote

Sisi watu wa pwani tunaoishi Athi River tuna baraza letu dogo nyuma ya duka la mwenzetu mmoja. Hukutana hapo baada ya sala ya Isha, tukanywa kahawa na kuulizana habari za nyumbani. Baadhi yetu tuliletwa huku na viwanda vya saruji, wengine na kiwanda cha nyama, na vijana wa siku hizi wameletwa na viwanda vya nguo vya EPZ.

Usiku mmoja kijana wetu mmoja alikuja na karatasi ya kudaiwa ada ya sanduku la posta. Alilalamika kwamba kwa muda wa miaka miwili hakupata barua hata moja ya mtu anayemjua, na akatangaza kuwa ufunguo ataurudisha. Mzee mmoja alimpinga. Kwa maoni yake posta ni mali ya umma, na Serikali haina budi kuilisha hata ikila hasara. Wa tatu naye akaona bora ifungwe kabisa, kwani simu zimekwisha kuirithi. Baraza likagawanyika, na kahawa ikapoa vikombeni.

Mimi sikutia neno. Nilikuwa nikimfikiria mtoto mmoja wa Kiingereza aliyetumwa na mamake kwenda kuuza matambara ili ipatikane pesa ya kulipia barua. Mtoto huyo alikuja kuwa Sir Rowland Hill, mtu aliyeipindua posta ya nchi yake juu chini, na baada yake posta za dunia nzima. Nimeona nimweleze hapa, kwa kuwa ubishi wetu wa Athi River yeye aliukuta kwao karibu miaka 200 iliyopita.

MTOTO WA MWALIMU

Rowland Hill alizaliwa tarehe 3 Desemba 1795 katika mji wa Kidderminster. Baba yake, Thomas Wright Hill, alikuwa mtu wa elimu na fikra nyingi lakini mwenye mkono mtupu, na baadaye alifungua skuli katika mji wa Birmingham. Nyumba ilikuwa na watoto wengi, na mama ndiye aliyejua uchungu wa kuzigawa pesa chache.

Siku hizo barua haikulipiwa na aliyeipeleka. Tarishi aliileta mpaka mlangoni, akataja bei, na aliyeandikiwa ndiye aliyelipa. Asiyekuwa na pesa alirudishiwa tarishi na barua yake. Kwa hiyo kwa mama Hill kubisha kwa tarishi hakukuwa furaha, kulikuwa hofu. Ndipo husimuliwa jinsi alivyomtuma Rowland akauze mfuko wa nguo kuukuu, naye akarudi na shilingi tatu hivi za kulipia posta. Mtoto hakuyasahau matambara yale.

Alianza kusaidia kufundisha katika skuli ya babake akiwa hata hajabaleghe, na hesabu ndiyo iliyokuwa fani yake. Mwaka 1819 yeye na ndugu zake walihamia skuli waliyoijenga wenyewe na kuiita Hazelwood. Sisi tuliosoma chuoni chini ya bakora ya maalim tutastaajabu kusikia kwamba katika skuli hiyo viboko viliondolewa, na wanafunzi wenyewe walikuwa na baraza lao la kutunga kanuni na kuhukumiana. Mwaka 1827 Hill alimwoa Caroline Pearson, na mwaka huo huo akafungua tawi la skuli huko Tottenham, karibu na London. Baadaye aliacha ualimu akawa katibu wa tume iliyoshughulikia makazi mapya ya Australia Kusini. Kufikia hapo hakuwahi kufanya kazi ya posta hata siku moja, wala hakuwa na rafiki ndani yake.

HESABU ZA BWANA HILL

Tuitazame posta aliyoikuta. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeifanya mfereji wa kodi. Wakati wa vita vya Napoleon bei zilipandishwa mara kwa mara, na vita vilipokwisha mwaka 1815 hazikushuka. Malipo yalikwenda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi: karatasi mbili, bei mara mbili, na bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi. Barua ya karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ilipita shilingi moja, na hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya ujira wa siku wa kibarua. Wabunge na mabwana wakubwa, wao walipitisha barua bure kwa kutia sahihi tu.

Watu waliosongwa na bei hawakukosa hila. Barua zilipitishwa kwa magendo chungu nzima, zikafichwa ndani ya vifurushi na kupewa wenye magari ya farasi. Kuna na kisa cha mshairi Coleridge, ambacho wengi hukibandika kwa Hill mwenyewe. Coleridge alimwona msichana akikataa barua ya nduguye kwa kukosa shilingi, akamhurumia akamlipia. Ilipofunguliwa ilikuwa karatasi tupu. Ndugu wawili hao walikuwa wamepatana kwamba kule kufika kwa barua tu ni habari ya kuwa mwenzake ni mzima, kisha irudishwe bila kulipwa. Msomaji asicheke. Nani kati yetu hakuwahi kupiga simu na kuikata kabla haijapokewa, ili mwenziwe ajue amefika salama?

Basi mapato ya posta yalidumaa. Kwa miaka 20 tangu 1815 hayakukua, ingawa watu waliongezeka, biashara ilipanuka na barabara zilitengenezwa. Wakuu wa posta waliona kwamba kupunguza bei ni kuongeza hasara. Bwana Hill, kwa kuwa alikuwa mgeni, aliuliza swali ambalo wenyeji hawakuliuliza: hivi kuipeleka barua moja kunagharimu nini hasa?

Alizichukua hesabu za Serikali zilizochapishwa akazichambua kama fundi anayeifungua saa. Akakuta kwamba gharama ya kuisafirisha barua moja kutoka London hadi Edinburgh, mwendo wa maili 400 hivi, ilikuwa sehemu moja tu kati ya 36 za peni. Umbali, ambao ndio uliotozwa bei yote ile, haukuwa na gharama ya kutajwa. Pesa zilipotelea ofisini na mlangoni. Karani aliishika kila barua mbele ya taa kuhesabu karatasi zilizomo, akaandika bei, akamwandikia tarishi deni lake. Tarishi alisimama kila mlango akingoja watu watafute chenji, kisha akarudi kuhesabiwa. Kwa ufupi, posta ilikuwa ikitumia pesa nyingi kuzitafuta pesa.

Ikiwa hivyo ndivyo, dawa ilikuwa wazi. Barua ilipiwe kabla haijaondoka, bei iwe moja kwa nchi nzima, na iwe ndogo kiasi cha maskini kuimudu: peni moja kwa kila barua isiyozidi nusu aunsi. Malipo yaonyeshwe kwa kipande cha karatasi chenye gundi nyuma, ambacho mtu atakinunua na kukibandika mwenyewe. Hiyo ndiyo stempu. Haya yote aliyaandika katika kijitabu mwaka 1837.

VITA VYA PENI MOJA

Wakuu wa posta hawakupendezwa. Lord Lichfield, aliyekuwa mkuu wa posta, aliuona mpango huo kuwa ni upuuzi wa ajabu kuliko yote aliyopata kusikia, na mtendaji wake, Kanali Maberly, alishikilia kuwa mapato yataangamia. Palikuwa na hofu hata ya kwamba kuta za ofisi hazitatosha kwa wingi wa barua. Lakini wafanyabiashara wa London waliunda kamati, mbunge Robert Wallace akashughulika ndani ya Bunge, na maombi ya raia yakamiminika. Mnamo Agosti 1839 sheria ilipita, na Hill akaingizwa Hazina aitekeleze.

Tarehe 10 Januari 1840 peni moja ilianza. Siku hiyo peke yake zaidi ya barua 100,000 zilitiwa posta London. Upendeleo wa wabunge ulifutwa, na Malkia Victoria mwenyewe akauacha wake. Mwezi Mei ikatoka stempu ya kwanza duniani, nyeusi, yenye sura ya Malkia. Haikuandikwa jina la nchi, kwani hapakuwa na nchi nyingine yenye stempu, na mpaka leo stempu za Uingereza hazina jina la nchi. Zilichapishwa 240 katika karatasi moja, kwa kuwa peni 240 ndizo zilizofanya pauni, na karani alizikata kwa mkasi.

Usidhani mambo yalinyooka. Bahasha zilizolipiwa tayari, ambazo Hill alizitegemea sana, zilikuwa na picha za madaha yaliyopita kiasi; watu wakazicheka mpaka zikaondolewa. Wajanja nao waligundua kwamba wino mwekundu wa muhuri hufutika, wakawa wanazitumia stempu mara ya pili. Ikabidi mwaka 1841 stempu igeuzwe kuwa nyekundu na muhuri uwe mweusi.

Hesabu za fedha ndizo zilizokuwa mtihani mkubwa. Barua zilipanda kutoka karibu milioni 76 mwaka 1839 hadi karibu milioni 169 mwaka 1840. Hata hivyo faida ya posta ilianguka kutoka pauni milioni 1.6 hivi hadi nusu milioni. Hill alikuwa ametaraji barua zitaongezeka upesi kuliko hivyo. Hapo alikosea, na maadui zake hawakumsamehe. Mwaka 1842 Serikali mpya ya Sir Robert Peel ilimwondoa kazini. Peni moja ilibaki, aliyeibuni akatolewa nje.

Hakukaa bure. Alikwenda kuongoza kampuni ya reli ya London na Brighton, akaongeza treni za mwendo wa haraka na safari za bei nafuu za siku za mapumziko, na kampuni iliyokuwa ikiyumba ikasimama. Mwaka 1846 watu walimchangia karibu pauni 13,000 kwa shukrani, na Serikali iliyofuata ikamrudisha posta. Mwaka 1854 akawa mtendaji wake mkuu.

Safari hii aliingia jikoni hasa, na nionavyo mimi sehemu hii ya maisha yake ndiyo yenye mafunzo zaidi, ingawa haitajwi sana. Ofisi ya hawala za fedha ilikuwa ikienda kwa hasara. Aliondoa maandishi yaliyorudiwa-rudiwa mpaka ikaleta faida. Aliwahimiza raia watoboe tundu katika milango yao ili tarishi atumbukize barua na kwenda zake. Sijui wazee wetu wa Lamu wangesemaje kuambiwa watoboe milango yao ya nakshi! Jiji la London aliligawa katika wilaya kumi, ili barua ya mtaa wa pili isizungushwe mpaka makao makuu kwanza. Bei ya peni moja aliipata kwa kijitabu, lakini ilimchukua miaka mingi ya kupunguza hatua moja huku na nyingine kule ili peni hiyo iweze kujilipa.

Ikajilipa. Kufikia 1850 barua zilikuwa zimepita milioni 340 kwa mwaka. Mapato yote yalirudi kiasi chake cha zamani baada ya miaka kumi na kitu, na faida ilichukua zaidi ya miaka 20.

Haifai kumsifu mtu tukaficha kasoro zake. Bwana Hill alikuwa mkavu, mgumu wa kushauriwa, na mwenye wivu na sifa zake. Mtunga riwaya Anthony Trollope, aliyekuwa mtumishi wa posta, hakupatana naye kabisa. Wapo pia waliodai kuwa stempu ilibuniwa na mwuza vitabu wa Dundee, James Chalmers, na ubishi huo uliendelea hata baada ya wote wawili kufa. Alistaafu mwaka 1864 kwa ugonjwa, akapewa na Bunge pauni 20,000. Alifariki tarehe 27 Agosti 1879, akazikwa Westminster Abbey, mahali wanapozikwa wakubwa wa taifa lile.

PENI ILIYOVUKA BAHARI

Posta yenyewe si uvumbuzi wa Waingereza. Dola ya Kiislamu ilikuwa na barid tangu zama za Muawiya bin Abi Sufyan, yenye vituo vya wanyama na matarishi, na Sultani Baybars wa Misri aliihuisha katika karne ya 13. Lakini barid ilikuwa ya watawala. Mtu wa sokoni alitegemea msafiri, na kwetu sisi alitegemea nahodha. Jambo jipya la Hill ni kwamba kadhi na mchukuzi walilipa bei ile ile na kuhudumiwa sawasawa.

Jambo hilo lilitufikia kupitia Bara Hindi. Mwaka 1854 Serikali ya India iliweka bei moja ya nusu ana kwa barua nyepesi, iwe inakwenda karibu au mbali. Mwaka 1868 ofisi ya posta ya India ilifunguliwa Unguja. Ikafungwa mwaka uliofuata, na ikafunguliwa tena mwaka 1875. Hivyo stempu za kwanza kushikwa na wazee wetu zilikuwa za India. Lamu ilipata wakala wa posta wa Kijerumani mwaka 1888, uliodumu hadi 1891. Mwaka 1890 Kampuni ya Kiingereza iliyotawala Mombasa ilitoa stempu zake, na bei zake zilikuwa kwa ana.

Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Lamu, na nilipokuja Athi River kutafuta riziki ni stempu iliyonishika mkono. Mamangu hakujua kuandika herufi za Kizungu. Alimwambia mtoto wa jirani, yule akaandika, na barua ikavuka kwa mashua hadi Mokowe, ikapanda basi, ikanifikia. Mto Tana ukifurika barabara ilikatika na barua zilichelewa, lakini bei haikupanda kwa sababu ya mto. Aliyekuwa Lamu alilipa sawa na aliyekuwa Machakos, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Siku hizo sikujua kwamba neema hiyo ina mwenyewe.

TURUDI BARAZANI

Sasa nirudi kwa kijana wetu na karatasi yake. Posta yetu imepita mikono mingi. Ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ikawa ya Kenya pamoja na simu, na mwaka 1999 posta na simu zikatenganishwa. Tangu hapo posta imebaki na barua peke yake, bila simu za kuibeba. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na hawala ya posta ikakosa wateja. Si kwetu tu. Huko Denmark, posta iliyoanza mwaka 1624 iliacha kabisa kugawa barua mwisho wa mwaka 2025.

Hata hivyo, nikisimama kando ya barabara ya Mombasa naona mabasi yakishusha vifurushi usiku na mchana: halua, samaki wakavu, kanzu za Idi, vipuri vya magari. Watu hawajaacha kupelekeana vitu. Wanampa dereva, kama Waingereza walivyowapa wenye magari ya farasi. Hill angewaona hao, asingewalaumu. Angekaa na daftari akauliza: kifurushi hiki kikipitia posta kinashikwa na mikono mingapi, kinaandikwa mara ngapi, na mtu anangoja foleni kiasi gani? Kisha angeanza kupunguza. Zimekwisha onekana dalili za fikra kama hizo. Tangu 2013 vituo vya Huduma vimewekwa katika majengo ya posta, na mwananchi anayefuata kitambulisho anaingia mlango ule ule wa barua.

Kwa hiyo nilipoulizwa rai yangu niliwaambia wenzangu kwamba wote watatu wamepata nusu. Kijana ana haki ya kukataa kulipia asichokitumia, kwani hata mama Hill aliikimbia posta ilipokuwa mzigo. Anayetaka ifungwe asahau kwamba mwaka 1842 wengi waliona peni moja imekwisha kushindwa. Na mzee wetu ni kweli kwamba Serikali ya Uingereza ilistahimili upungufu kwa zaidi ya miaka 20, lakini ndani ya miaka hiyo kulikuwa na mtu aliyekuwa akikata gharama kila uchao. Kuilisha posta bila kazi hiyo ni kutia maji katika pakacha.

Kijana aliniuliza ni nani katika posta yetu atakayeshika daftari hilo, na nani atakayengoja miaka 20. Sikuwa na jibu. Jumatatu yake nilitembea hadi posta ya Athi River nikafungua sanduku langu. Hamkuwa na kitu. Nilikwenda dirishani nikalipa ada ya mwaka mwingine, nikanunua na stempu moja, na jioni nikamwandikia dadangu aliyeko Lamu.